Sura ya Tano: Je, Pango la Amboni Linafika Mombasa?

Ukiwa mgeni Tanga na ukataja mapango ya Amboni, hutakaa sana kabla hujaulizwa: ni kweli pango lile linatokea Mombasa? Wako wanaosema Mombasa ni karibu mno, pango linafika Kilimanjaro. Ushahidi wao ni kisa cha Wazungu wawili walioingia ndani na mbwa wao baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wazungu hawakuonekana tena, na mbwa, husimuliwa, alikutwa amekufa upande wa Kilimanjaro. Wazee nao huongeza habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliosakwa na polisi wa mkoloni miaka ya 1950 na kujificha humo humo.

Swali hili si la kuchekwa. Anayetaka kulijibu sawasawa lazima ajue pango linatengenezwaje, mwamba wa Amboni unaanzia wapi na kuishia wapi, na chini ya barabara ya kwenda Horohoro kuna nini. Hayo ndiyo mambo ambayo mwanafunzi wa jiolojia, yaani elimu ya miamba na ya namna ardhi ilivyoundwa, hutumia miaka chuoni kuyasoma darasani. Pwani ya Tanga humwezesha kuyaona kwa macho katika Jumamosi na Jumapili moja. Sura hii inafuata safari kama hiyo, kutoka ufukwe wa Raskazone hadi Horohoro kwenye mpaka wa Kenya, na msomaji asiye mwanafunzi anaweza kuifanya vilevile.

Kabla gari halijaondoka

Vifaa vya kazi hii havina makuu:

- nyundo ya kuvunjia jiwe, kwa sababu uso wa jiwe uliopigwa na jua na mvua huficha rangi yake halisi;
- lenzi ndogo ya mkononi ya kukuzia chembe;
- dira yenye kipimo cha mwinamo, yaani kiasi ambacho tabaka la mwamba limelala upande;
- kichupa cha asidi iliyozimuliwa;
- tochi na kofia ngumu kwa ajili ya pangoni;
- daftari na penseli.

Daftari ndilo muhimu kuliko vyote. Siku hizi kila mwanafunzi ana simu yenye kamera, na picha hupigwa kwa mamia, lakini kamera haimlazimishi mtu kuangalia. Anayechora mwamba kwa penseli hulazimika kuamua mstari huu unaishia wapi na kwa nini ule umepinda. Chora kwanza, picha baadaye.

Jambo la pili ni ruhusa. Serikali ya kijiji ijulishwe, walinzi wa mapango wajulishwe, na kwa kuwa safari inaishia mpakani, maofisa wa uhamiaji nao wajue kuna kundi la vijana wenye nyundo na ramani. La tatu ni maji ya bahari. Hapa Tanga, wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Ukifika ufukweni maji yamejaa, somo lote liko chini ya maji. Muulize mvuvi yeyote saa ya kupwa, atakujibu bila kutazama jedwali.

Raskazone: mwamba uliokuwa hai

Anza pale ambapo mawe ni machanga. Genge la ufukweni Raskazone, lenye makali yanayochana viatu, ni matumbawe. Ukisogeza lenzi utaona vijumba vya wanyama wadogo wa baharini waliojenga mwamba huo, na magamba ya chaza yaliyonasa katikati yake. Matumbawe hayaoti nchi kavu. Basi ama bahari ilikuwa juu zaidi, ama ardhi imeinuka.

Kwa sehemu kubwa ya pwani yetu jibu ni bahari. Miaka kama 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko leo, barafu ya ncha za dunia ikapungua, na maji ya bahari yakasimama mita kadhaa juu ya usawa wa sasa. Matumbawe yakaota hapo. Baadaye dunia ikapoa, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilishuka takriban mita 120 chini ya usawa wa leo. Wakati ule mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka bara hadi Unguja, kwa kuwa mlango wa bahari baina yake na bara hauna kina kikubwa. Pemba asingefika, maana mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Mito ya Sigi na Mkulumuzi ikachimba mabonde marefu kuifuata bahari iliyokimbia. Maji yaliporudi, yakayafunika mabonde, na ghuba ya Tanga ikapatikana. Bandari iliyoufanya mji huu uwepo ni bonde la mto lililozama.

Mawe haya machanga ndiyo wazee wetu waliyoyachonga kujengea. Msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji, ni ya matumbawe, na magofu ya kisiwa cha Toten, kilicho katikati ya ghuba, ni hayohayo.

Amboni: bahari ya kwanza

Kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji, pembeni mwa barabara ya Horohoro, jiwe linabadilika. Bado ni chokaa, na tone la asidi likilidondokea linatoa povu kama lilivyotoa lile la Raskazone. Lakini ni gumu zaidi, limejaa nyufa, na umri wake ni tofauti kabisa: takriban miaka milioni 150.

Hapa ndipo mwanafunzi anapaswa kusimama kimya na kufikiri. Kabla ya jiwe hili hapakuwa na Bahari ya Hindi. Afrika, Madagaska, Bara Hindi, Australia, Antaktika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja, ambalo wanasayansi huliita Gondwana, na upande wa mashariki wa Tanga ungekuta Madagaska. Kisha bara likaanza kupasuka. Miaka kama milioni 165 iliyopita Madagaska ikaanza kujitenga na pwani yetu na kuteleza kuelekea kusini, na maji ya bahari yakaingia katika pengo. Hayakuwa na kina kirefu, yalikuwa na joto, na viumbe wenye magamba wakastawi. Walipokufa, magamba yao yalilundikana chini, yakagandamizwa, yakawa mwamba. Chokaa ya Amboni ni mashapo ya bahari hiyo ya mwanzo.

Wakati huohuo, mamia ya kilomita kusini, dinosaria walikuwa wanatembea Tendaguru, Lindi. Mifupa yao ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mmoja wao, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama katika jumba la makumbusho Berlin hadi leo. Mtoto wa Tanga anayepita Amboni kila siku kwenda shule anapita juu ya bahari iliyokuwapo siku za dinosaria wale, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Hili linaniuma kuliko upungufu wowote wa maabara.

Sasa tuingie pangoni. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, na hubeba nyingi zaidi yanapopita kwenye udongo wenye mizizi na vijidudu. Maji na hewa ya ukaa vikichanganyika hufanya asidi dhaifu sana, isiyoweza kuudhuru ulimi, lakini chokaa haiivumilii. Inapenya kwenye ufa, inayeyusha jiwe kidogo kidogo, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa ukumbi. Maji hayohayo, yakiwa yamebeba chokaa iliyoyeyuka, yakifika penye hewa hupoteza hewa ya ukaa na kuiacha chokaa yake pale yanapodondoka. Ndiyo maana dari la Amboni lina mawe yanayoning'inia, na chini yake mengine yanayoota kwenda juu. Ni kazi ileile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika katika nyumba zinazotumia maji ya kisima cha pwani.

Mawe hayo kwa kawaida hayakui hata milimita 1 kwa mwaka. Mafuta ya kiganja cha mtu yakibaki juu yake, maji yanashindwa kushika na jiwe linaacha kukua mahali hapo. Kwa hiyo pangoni nyundo haiingii, na ukuta hauguswi bila sababu. Kipande cha kujaribia asidi kiokotwe nje.

*Kwa ufupi: Raskazone ni bahari ya juzi, Amboni ni bahari ya kwanza. Yote mawili ni chokaa, na chokaa ndiyo inayoruhusu mapango.*

Basi, linafika Mombasa?

Halifiki. Mwaka 1994 watafiti wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mapango ya Amboni wakakuta ni mapango 10 yaliyo mbalimbali, na refu kuliko yote lina kama mita 900. Kutoka Tanga hadi Mombasa, kama ndege arukavyo, ni kilomita zipatazo 130.

Mtu aweza kusema watafiti hawakufika mwisho. Tukubali hivyo, kisha tuutazame mwamba wenyewe. Huko Kentucky, Marekani, liko pango la Mammoth, ambalo njia zake zilizopimwa zinazidi kilomita 600. Lakini njia hizo zimejisokota ndani ya eneo dogo kwa sababu zinafuata chokaa, na chokaa ikiisha pango nalo linaisha. Chokaa ya Amboni na jirani zake inatajwa kuchukua takriban kilomita za mraba 234. Kuelekea kaskazini ukanda wake unakatwa na mabonde ya mito, unafunikwa na mchanga, na pembeni yake kuna mawe ya mchanga na ya tope ambayo asidi ya mvua haiyayeyushi. Zaidi ya hayo, ardhi ya huku iko chini. Pango ambalo lingeshuka kidogo tu lingekuta usawa wa bahari na kujaa maji.

Kilimanjaro ndiyo haiwezekani kabisa. Huo ni mlima wa volkano ambao umri wake hauzidi miaka milioni 3, na kati yake na Tanga wamekaa Usambara na Upare, milima ya miamba migumu isiyoyeyuka.

Hata hivyo, waliosema kuna kitu kinachotoka Amboni kwenda Mombasa hawakukosea kila kitu. Pango halifiki, ila mwamba wa umri ule unafika. Ukivuka mpaka na kuendelea hadi nyuma ya Mombasa, utakuta chokaa ya bahari ileile ya kwanza, ambayo Wakenya wameipa jina la Kambe.

Choo, kisima na jiwe lenye nyufa

Kabla ya kuondoka Amboni, jambo moja linalomgusa kila mwenye kiwanja mkoani Tanga. Mahali penye mchanga, maji yanayozama ardhini hupita polepole katikati ya chembe, na uchafu mwingi huchujwa njiani. Penye chokaa au matumbawe hali ni nyingine. Maji hupita kwenye nyufa na mifereji, kwa kasi, bila kuchujwa. Choo cha shimo kilichochimbwa juu ya mwamba huu kinaweza kufikisha uchafu kisimani kwa jirani, hata kama kisima kinaonekana kiko mbali na maji yake ni maangavu. Uangavu wa maji haupimi usalama wake.

Kwa hiyo fundi anapogonga mwamba mgumu mweupe kwenye shimo la choo, si wa kushangiliwa kwamba shimo halitabomoka. Inafaa kuuliza maji ya kunywa ya mtaa huo yanatoka wapi, kuyachemsha au kuyatibu, na kufikiria choo chenye tangi lililojengewa sakafu. Nimewasikia wanafunzi wakilalamika kwamba jiolojia haina kazi nje ya migodi. Mtaa mmoja wa Tanga una kazi ya kuwatosha: kuchora ramani ya visima na vyoo juu ya ramani ya miamba.

Jiwe hilihili ndilo linalolisha kiwanda cha saruji cha Pongwe, magharibi mwa jiji. Saruji ni chokaa iliyosagwa na kuchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi. Nyumba nyingi za mkoa huu, kwa namna moja au nyingine, zimejengwa na magamba ya bahari ya kwanza.

Jumapili: miamba ya kabla ya bahari

Kutoka Amboni barabara inapita Mabokweni, inaendelea hadi Duga na kufika Horohoro. Njiani miamba haionekani kirahisi, kwa kuwa udongo mwekundu na mchanga vimeifunika. Mwanafunzi mzembe atalala ndani ya basi. Anayejua kazi yake atatazama kingo za barabara zilizokatwa, mitaro, na mashimo yaliyochimbwa moramu, maana hapo ndipo ardhi imefunuliwa.

Ukanda wa mawe unaoanzia nyuma ya Tanga na kuvuka mpaka kuelekea Kwale ni wa mawe ya mchanga na ya tope. Ukiyadondoshea asidi, mengi hayatoi povu. Ni mashapo ya mito na maziwa ya ndani ya bara, yaliyolala kati ya miaka kama milioni 300 na milioni 200 iliyopita, Gondwana ilipokuwa bado nzima. Miamba ya kundi hili huitwa Karoo, kwa jina la eneo la Afrika Kusini ambako ilisomwa mapema. Makaa ya mawe ya Kiwira na Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, yamo katika kundi hilohilo.

Inakuwaje mawe ya kale yawe bara na machanga yawe pwani? Chukua mikeka uipange mmoja juu ya mwingine, kisha uinue upande wa magharibi na ukate kingo zilizoinuka. Ukitembea kutoka baharini kwenda bara utakanyaga mkeka wa juu kwanza, na kila hatua itakupeleka kwenye uliotangulia kutandikwa. Dira yenye kipimo cha mwinamo ndiyo inayothibitisha hilo: matabaka yameinama kidogo kuelekea baharini. Zipo na nyufa kubwa zilizokata mikeka hiyo na kuiteremsha, alama za bara lilipokuwa linapasuka. Hapo wanafunzi wapewe muda. Kupima mwinamo mara kumi mahali kumi tofauti kunafundisha kuliko kusikiliza maelezo kwa saa nzima.

Kijijini lazima atatokea mzee wa kuuliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnatafuta dhahabu?"

"Hapana mzee, tunasoma mawe."

Akiridhika na jibu hilo, ndiye atakayewaonyesha kisima kilichotoa maji ya chumvi ilhali bahari iko mbali. Mawe ya tope ya Karoo hushika chumvi na kuitoa polepole majini, na upande wa Kenya kundi moja la matabaka haya limepewa jina la mji wa Maji ya Chumvi. Anayechimba kisima ukanda huu ana sababu nzuri ya kulitafuta jiwe la mchanga, lenye nafasi kubwa baina ya chembe, badala ya lile la tope.

Horohoro na mto Umba

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana eneo hili kwa mstari unaoanzia mdomoni mwa mto Umba, karibu na Vanga, kwenda Ziwa Jipe na kuuzunguka Kilimanjaro. Horohoro iko kwenye mstari huo. Mstari ulichorwa bila kutazama kilicho chini, na athari yake kwa wanajiolojia ipo hadi leo: mawe yaleyale ya mchanga huitwa Karoo upande mmoja na Duruma upande wa pili, na chokaa ileile ina jina la Tanga huku na la Kambe kule. Ramani mbili zikikutanishwa mpakani, rangi hazilingani. Wanafunzi wanaofika Horohoro wapewe ramani zote mbili na waambiwe waziunganishe. Kituo cha mpakani kimekuwa cha pamoja na kile cha Lunga Lunga upande wa Kenya, kwa hiyo malori yanapata huduma ya nchi mbili mahali pamoja. Vyuo vya nchi mbili navyo vinaweza kukutana hapo kwa Jumapili moja, na ningependa kuona hilo likiwa sehemu ya masomo, lisingojee ufadhili.

Mto Umba wenyewe unatoka Usambara, unapita karibu na Horohoro na kuingia baharini upande wa Kenya. Ukiufuata kwenda juu unauacha mkeka wa Karoo na kukanyaga sakafu ambayo mikeka yote imetandikwa juu yake. Hiyo ni miamba geu, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, miaka kama milioni 600 iliyopita, mabara ya kale yalipogongana na kuunda Gondwana. Mawe yana mistari myeupe na myeusi iliyojipinda, na ndani yake mna chembe nyekundu za gaineti.

Miaka ya 1960 bonde la Umba lilipata sifa duniani kwa vito vyake: safaya za rangi nyingi, rubi na gaineti. Safaya na rubi ni madini yaleyale, korundi, yaliyofanywa na alumini na oksijeni. Chembe kidogo za kromiamu huifanya iwe nyekundu, chuma na titani huifanya iwe ya buluu, na michanganyiko mingine huleta rangi nyingine. Korundi ina sharti moja gumu: haitokei penye silika nyingi, na silika ndiyo inayojaa katika miamba ya kawaida. Inahitaji mahali ambapo mwamba maskini wa silika umekutana na mshipa wenye alumini. Umba ina mahali hapo, mwili wa mwamba wa kijani wa sapentini uliokatwa na mishipa ya rangi nyeupe, na vito vikatokea kwenye mpaka wa viwili hivyo.

Kusini mwa Madagaska nako kunachimbwa safaya, katika miamba ya ukoo huohuo, kwa sababu zilipoumbwa safaya hizo Madagaska na Umba zilikuwa sehemu za safu moja ya milima. Mchimbaji mdogo wa Umba anaijua ile rangi ya kijani ya kufuata kwa uzoefu wa miaka. Mwanafunzi anajua kwa nini iko hapo na inaweza kuwa imeelekea upande gani chini ya udongo. Ikibaki nusu siku kabla ya basi kurudi Tanga, itumike kwenye shimo lililoachwa, wote wawili wakiwa wameinama juu ya jiwe moja, huyu na nyundo yake, yule na dira.